Miguu kuvimba baada ya njaa ndefu, na waliokufa Bergen-Belsen baada ya kukombolewa

Swali la msomaji:

"Shikamoo dokta. Juzi niliangalia filamu ya kumbukumbu kuhusu kambi ya mateso ya Bergen-Belsen kule Ujerumani, wakasema Waingereza walipofika Aprili 1945 walikuta watu kama 60,000 wako hai ila kama 14,000 wakafa baada ya kukombolewa. Sikulala. Rafiki yangu mmoja akaniambia wale walikufa na taifodi tu, vita huleta magonjwa, kwahiyo tusiseme waliuawa. Mwingine akasema hapana, Waingereza ndio waliwaua kwa kuwashindilia chakula. Nani mkweli? Na waliopona walikuwa na nini cha ziada? Nauliza pia kwa sababu kaka yangu amerudi wiki iliyopita, alizuiliwa nje ya nchi miezi mingi, amebaki mifupa mitupu. Mama anampikia asubuhi mchana jioni. Tangu juzi miguu inamvimba na anasema moyo unamwenda mbio. Mama anasema chakula kimeanza kumkubali. Ni kweli?"

Jibu:

Marahaba ndugu yangu. Naanza na mwisho wa swali lako maana huko ndiko kuna haraka, Belsen itatusubiri.

Mpeleke kaka hospitali leo. Sio kesho, sio Jumatatu, na sio duka la dawa, mpeleke hospitali yenye maabara inayoweza kupima madini kwenye damu, ya mkoa au ya rufaa kama mnaifikia. Mtu aliyekonda hivyo akianza kula halafu ndani ya siku chache miguu ikavimba na moyo ukaanza kwenda mbio, huko sio kunenepa. Mama hana kosa, mama yoyote duniani angefanya hivyohivyo, lakini safari hii macho yamemdanganya. Mkifika msiseme tu "anavimba miguu" maana watawaza figo na presha na mtakaa foleni, semeni: alikaa na njaa miezi kadhaa, ameanza kula vizuri tangu siku fulani, kavimba tangu juzi. Hayo maneno matatu yanambadilishia daktari picha yote. Akianza kuhema kwa shida, kuchanganyikiwa, kuona viwiliviwili au kupata degedege, hapo hata usimalize kusoma, kodi gari.

Njiani msimnyime chakula kabisa, hilo nalo ni kosa. Mpeni kidogokidogo, uji mwepesi au maziwa kikombe nusu, na muache soda, juisi za sukari na sahani za wali kwanza.

Haya. Sasa nikueleze kinachotokea mwilini, ukishaelewa hapo utaielewa na Belsen.

Mtu akikosa chakula mwili unaanza kujila wenyewe kwa mpangilio. Sukari iliyohifadhiwa kwenye ini inaisha ndani ya siku moja hivi, unahamia kwenye mafuta, halafu misuli, na watu wanasahau kwamba moyo nao ni msuli, kwahiyo nao unakonda. Muda wote huo madini yanayokaa ndani ya seli, fosfeti, potasiamu, magnesiamu, yanapungua taratibu, ila ukipima damu unaweza kukuta yako sawa tu kwa sababu mwili unayatoa stoo na kuyaweka sebuleni ili nyumba ionekane ina vitu. Mwili unapunguza kasi, mapigo yanashuka, joto linashuka, mtu anakuwa kama taa iliyopunguzwa utambi.

Sasa mlete sahani ya pilau na soda. Sukari inaingia kwenye damu, insulini iliyokuwa imelala inaamka kwa kishindo, inasukuma sukari ndani ya seli na inaburuta fosfeti na potasiamu pamoja nayo, na ile iliyokuwa sebuleni inaisha ghafla. Fosfeti ndiyo mwili unatengenezea nguvu ya kuendesha kila kitu, ikishuka sana moyo unapoteza mdundo na misuli ya kupumulia inalegea. Halafu ili kuchoma wanga unahitaji vitamini B1, ambayo akiba yake mwilini ni ya wiki chache tu, ikiisha moyo unachoka, maji yanajaa, ubongo unachanganyikiwa. Na insulini hiyohiyo inaziambia figo zishike chumvi na maji. Ndio maana miguu inavimba. Hatari kubwa iko kwenye siku tano za mwanzo wa kula, wakati mwingine inafika hata kumi. Unaona basi tarehe za kaka yako zinavyoangukia humohumo.

Muuguzi yeyote wa wodi ya watoto wenye utapiamlo anajua jambo hili bila kuambiwa na profesa. Mtoto akiingia na utapiamlo mkali haanzishiwi chakula kizito, anaanza na maziwa ya F-75, mepesi, kalori 75 kwa kila mililita 100, kila baada ya saa mbili au tatu, na akishatulia ndio anahamia F-100. Mtu mzima aliye hali mbaya anaanzishwa hata kwa kalori 10 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, yaani mtu wa kilo 45 anaanza na kalori 450, na B1 anapewa kabla ya chakula. Ukimwambia mama kalori 450 kwa siku atakuona una roho mbaya, mimi nakuelewa kabisa.

Twende Belsen.

Tarehe 15 Aprili 1945 jeshi la Uingereza liliingia kwenye ile kambi na kukuta kama ulivyosema watu 60,000 hivi wako hai, na maiti karibu 13,000 zimelala nje na ndani ya mabanda bila kuzikwa, wengine hai wamelala katikati ya wafu na huwezi kujua nani ni nani mpaka umguse. Maji yalikuwa yamekatika, chakula kilikuwa kimekoma kwa siku kadhaa. Siku za mwanzo walikuwa wanakufa kama 500 kwa siku.

Rafiki yako wa pili, anayewasingizia Waingereza, ana kipande cha ukweli. Askari waliofika kwanza walitoa walichokuwa nacho mfukoni na kwenye magari, nyama ya kopo, vyakula vya mafuta, chokoleti, na kweli wapo waliokula wakafa, wengine kwa kuharisha maana utumbo wenyewe ulikuwa umebaki mwembamba kama karatasi, wengine nadhani kwa hilo nililokueleza juu, japo wakati ule hakuna aliyekuwa anapima fosfeti ya mgonjwa kambini. Lakini chukua namba nyingine: mwezi Machi 1945 peke yake, kabla Mwingereza yeyote hajakanyaga pale, walikufa takriban 18,000. Chakula kibaya cha siku mbili tatu kiliongeza vifo kwenye moto uliokuwa unawaka tayari, hakikuwasha moto.

Na madaktari walipogundua walijaribu kurekebisha, kwa kubahatisha kwingi. Walileta mchanganyiko uliotumika kwenye njaa ya Bengal ya 1943, maziwa ya unga, sukari, unga, chumvi na maji. Kisayansi haukuwa mbaya, ila ulikuwa mtamu kupita kiasi na watu wa Poland na Hungaria waliozoea vitu vya uchachu hawakuweza kuumeza (hapa mimi hujifunza kitu kila nikisoma, unaweza ukawa na lishe sahihi ukasahau ulimi wa mgonjwa). Wakajaribu pia dripu za protini iliyokwisha kumeng'enywa. Dokta Janet Vaughan alitumwa kutoka London kuzijaribu. Wagonjwa walipoona sindano na mipira walipiga kelele na kujikunja ukutani, na ukijua kwamba Auschwitz, kambi nyingine ya Wanazi ambako wengine walitokea, wagonjwa waliuawa kwa sindano ya fenoli iliyochomwa kwenye moyo, hutawashangaa. Mwisho Vaughan akaona kitu cha kawaida kabisa kinafanya kazi kuliko hizo dripu: maziwa yaliyotolewa mafuta, kidogokidogo, kwa mdomo, na mtu wa kukaa na mgonjwa kumnywesha. Wanafunzi wa udaktari karibu 100 waliletwa kutoka London, kazi yao kubwa ikawa hiyohiyo, kukaa kwenye mabanda na kuhakikisha kikombe kinamfikia aliyelala kule mwisho asiyeweza kusimama, maana mwanzoni wenye nguvu kidogo walikuwa wanachukua na wasio nazo wanakosa.

Sasa rafiki yako wa kwanza, wa taifodi.

Kwanza kachanganya magonjwa mawili, na simlaumu, majina yanafanana. Taifodi, homa ya matumbo tunayoijua sisi, inapita kwenye maji na chakula chenye kinyesi. Hiyo ndiyo iliyoingia kambi ya Manyani kule Kenya 1954, wakati Waingereza haohao wamewajaza watu humo kwa maelfu baada ya msako wa Mau Mau kule Nairobi, na ndio ujue kambi ni kambi hata mwenye kambi akibadilika. Belsen kulikuwa na taifasi, kitu kingine kabisa, homa ya chawa. Chawa wa nguo, sio wa kichwani, na sio hawa chawa wetu wa kwenye mitandao. Anakaa kwenye pindo za nguo, haruki wala hapai, anashuka kukunyonya mara kadhaa kwa siku. Vijidudu viko kwenye kinyesi chake, wewe unajikuna, unavisugua kwenye mkwaruzo, basi. Charles Nicolle alilithibitisha hilo la chawa kule Tunis 1909, na akapewa Nobeli 1928, kwahiyo 1945 haikuwa siri ya mtu.

Kuna tabia moja ya chawa ambayo ukiijua utaelewa kwa nini taifasi inapenda kambi. Hapendi joto la homa wala baridi la maiti. Mgonjwa akichemka sana, au akifa, chawa anahama kwenda kwa aliyelala jirani, na kambini jirani wako mnalala mmegusana, watatu wanne kwenye kitanda kimoja. Baada ya siku 10 hadi 14 jirani naye anaanza homa, kichwa kinapasuka, vipele, halafu vijidudu vinakula utando wa mishipa ya damu mpaka ubongo unachanganyikiwa, mtu anaongea na wasiokuwepo, anatoka nje uchi kwenye baridi. Neno lenyewe taifasi linatokana na neno la Kigiriki la moshi au ukungu, ule ukungu wa akili. Dawa ya kuiua haikuwepo, penisilini haiigusi. Anne Frank na dada yake Margot walifia Belsen mapema mwaka huo, na inaaminika ni huu ugonjwa.

Leo tunaimaliza kwa doksisaiklini, hata dozi moja inatosha mara nyingi, na usidhani ni hadithi ya Ulaya ya zamani. Burundi 1995 iliibuka kwenye gereza la Ngozi, watu wakaiita sutama, na kufikia 1997 ilikuwa kwenye kambi za wakimbizi ikiwa na wagonjwa makumi ya maelfu. Angalia mahali inapochagua: gereza, kambi, watu wasio na nguo ya pili wala maji ya kufulia.

Ndio maana "walikufa na ugonjwa tu" haisimami. Jiulize chawa walipataje watu 60,000 wa kulala nao. Desemba 1944 kambi ilikuwa na watu kama 15,000. Wajerumani wakarudi nyuma mbele ya Warusi wakihamisha wafungwa kwa miguu na mabehewa ya wazi kwenye baridi ya Januari na Februari, wakawamwaga Belsen bila kuongeza mabanda, vyoo wala chakula. Elimu hawakukosa: Auschwitz kulikuwa na mabango yameandikwa kwa Kijerumani "chawa mmoja ni kifo chako". Chanjo hawakukosa pia, wanajeshi wao walipewa. Na njaa je? Kilomita chache tu kutoka kwenye yale mabanda kulikuwa na shule ya jeshi la vifaru yenye ghala la chakula na tanuru kubwa la mikate, Waingereza walilikuta linafanya kazi. Mimi ni daktari wa magonjwa ya kuambukiza, sio hakimu, lakini mtu akifungiwa bila maji, bila nguo, bila chakula, katikati ya chawa, nikimwandikia cheti cha kifo sehemu ya "sababu" nitaandika taifasi na sehemu ya "kilichosababisha sababu" nitaandika kambi. Mahakama ilikuwepo vilevile, ilikaa Lüneburg kuanzia Septemba mwaka uleule, na mkuu wa kambi Josef Kramer alinyongwa Desemba 1945. Belsen haikuwa na chumba cha gesi. Haikukihitaji.

Waliopona walikuwa na nini? Hapa watu wanapenda kusikia kwamba walikuwa na moyo wa chuma, na mimi napenda niwakatishe tamaa kidogo. Wenye moyo wa chuma wengi wamelala pale kwenye makaburi ya pamoja. Nguvu za mwili nazo zilisaliti, mwanaume mkubwa wa miraba minne alipewa mgao uleule wa mtu mdogo, akaisha mapema zaidi. Kitu kikubwa kilikuwa tarehe: aliyeugua taifasi Februari akakaa wiki tatu bila msaada na aliyeugua mwishoni mwa Aprili akaoshwa, akapuliziwa dawa ya unga ya DDT, akapelekwa kwenye kitanda chenye shuka, ugonjwa ni uleule mwisho ni tofauti. Aliyewahi kuugua zamani akapona alikuwa na kinga. Aliyepata kazi ya jikoni au ndani ya nyumba alikuwa na ganda la kiazi la ziada na kuta za kuzuia upepo. Hata kuugua kwenyewe kungeweza kukuokoa: Januari 1945 Auschwitz ilipohamishwa, karibu 60,000 walitolewa kwa miguu na maelfu wakafia njiani, wakati kama 7,000 walioachwa kwa sababu ni wagonjwa au dhaifu ndio Warusi waliwakuta tarehe 27. Ungekuwa pale ungechagua lipi? Hakuna akili ingekusaidia kuchagua.

Ila bahati sio yote, na hapa ndipo mimi hukaa zaidi. Wengi waliopona ukiwasikiliza wanamtaja mtu. Aliyeninywesha, aliyenishika nisimame kwenye kuhesabiwa, aliyesema mwenzangu yuko kazini wakati nilikuwa nimelala na homa. Dokta Hadassah Bimko, daktari wa meno kutoka Poland, mume wake, wazazi wake na mtoto wake wa miaka mitano waliuawa Auschwitz, akaletwa Belsen mwishoni mwa 1944, na huko yeye na wanawake wenzake wakakusanya watoto wasio na wenyewe kwenye banda moja, wakawatafutia chakula na dawa kwa kuomba na kuiba, wakawafikisha watoto 149 hai. Waingereza walipofika wakamkabidhi kuongoza madaktari wafungwa 28 na mamia ya wanawake wa kuuguza, wengi hawajasomea, wengine wenyewe hawajapona.

Na kuna Ludwik Fleck, huyu nampenda mno. Mtaalamu wa maabara kutoka mji wa Lwów, alitengeneza chanjo ya taifasi kutokana na mkojo wa wagonjwa ndani ya geto la Wayahudi. Wanazi wakamchukua, Auschwitz kwanza, kisha Buchenwald, kwenye maabara ya wafungwa ya kutengenezea SS, kile kikosi cha Wanazi kilichoendesha kambi, chanjo. Yeye na wenzake wakagundua wenye maabara hawajui wanachokiangalia, basi wakawa wanatengeneza chanjo za aina mbili: nyingi isiyofanya kazi kwa ajili ya SS, na kidogo ya kweli kwa siri kwa ajili ya wafungwa. Wangegundulika wangenyongwa.

Kuhusu kuichoma kambi, labda uliona kwenye filamu. Waingereza walikuwa wakishalitoa banda watu wanalitia moto, chawa na vumbi lake vyote, maana kinyesi cha chawa kikikauka kinabaki na vijidudu hai wiki nyingi. La mwisho liliungua tarehe 21 Mei. Wakati huo vifo vilikuwa vimeshuka sana.

Turudi kwa kaka yako. Akishatulizwa wodini ombeni apimwe kifua kikuu, hicho kilikuwa kinaua Belsen kimyakimya hata baada ya taifasi kuisha na sehemu yoyote ya kuzuilia watu kinakuwepo. VVU na minyoo pia. Nguo alizorudi nazo zichemsheni, halafu pasi ya moto kwenye mapindo. Akiwa anaficha mkate chini ya mto au anakula amegeuka ukutani msimcheke wala msimkemee, itaisha, na kama haiishi au halali usiku, hospitali kubwa nyingi zina kitengo cha afya ya akili, muulizieni kabla hajaruhusiwa.

Na mama. Usimwambie "ulikuwa unamuua", hilo neno halitatoka kichwani kwake. Mwambie daktari amesema tumbo la mtoto wake limelala, linaamshwa kwa uji mwepesi na maziwa, vikombe vidogo kila saa mbili au tatu, na anatakiwa mtu wa kukaa kitandani kumnywesha hata usiku wa manane, kazi ambayo nesi mmoja mwenye wagonjwa arobaini haiwezi. Atakaa, namjua. Pilau aiache kwanza, kama vipimo vikikaa sawa baada ya wiki mbili tatu hivi ampikie, na wewe uniandikie hapa fosfeti yake ilisoma ngapi.